Shangazi aliyejifunza kutokimbia

Saa moja kasorobo asubuhi. Geti la shule limefunguliwa nusu, na mwanamke mfupi mwenye aproni ya bluu amepiga magoti barazani mbele ya msichana wa miaka minane. Anamfunga kamba za viatu. Hana haraka hata kidogo. Anafunga kiatu cha kushoto, anakisifu, kisha anahamia cha kulia na kukisifu nacho, kisije kikaona wivu.

"Leo umekuja na miguu yote miwili," anamwambia. "Vizuri sana, mama. Jana mmoja niliuona umenuna."

Msichana hajibu. Hajawahi kutamka neno tangu azaliwe. Anatazama dari, lakini pembe ya mdomo wake imeanza kucheka.

Mwanamke anainuka, anashika magoti yake na kuyaombea radhi. Kisha anachomoa kibanio cha nguo kwenye upande wa kushoto wa aproni yake na kukibana upande wa kulia. Kushoto vimebaki kumi na tisa. Siku imeanza.

Hapa kila mtu humwita Shangazi: watoto, wazazi, hata mwalimu mkuu anapomtafuta kwa shida. Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka kumi na saba amekuwa msaidizi wa darasa katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, vyumba viwili vilivyo mwisho kabisa wa shule ya msingi, ukuta mmoja na jiko. Kitengo kina watoto kumi na wanne. Wapo wenye usonji, wapo ambao akili yao inakua polepole, na wapo ambao hakuna daktari aliyewahi kuwapa wazazi wao jina la kilichowapata.

Kazi yake ni kulisha, kupeleka chooni, kufuta makamasi, kufua bibu, vile vitambaa vya kifuani vya kulia chakula, na kuzianika, na kuamua kesi za penseli. Mshahara wake uko chini ya wa mpishi, jambo ambalo mpishi hamwachi asahau.

"Dada, ukikwama mwisho wa mwezi uje tu," humwambia. "Sisi wenye nazo tupo."

"Nitakuja," hujibu Shangazi. "Nawe siku utakayojifunza kupika, nitakuja na sahani."

Shule hufunguliwa saa moja na nusu. Yeye hufika mapema kwa sababu ya huyu msichana mmoja, ambaye mama yake huingia zamu ya saa moja kwenye kiwanda cha mikate. Hakuna aliyemwomba na hakuna anayemlipa kwa dakika hizo. Mama mtu huwa hana hata muda wa kusalimia vizuri. Humkabidhi mtoto, humshika Shangazi bega, hukimbia.

Msichana wanamwita Meneja. Alipewa jina hilo wiki ya kwanza, kwa vile kila asubuhi huzunguka mikono ikiwa nyuma, akikagua madirisha, mabomba na masufuria. Mpishi husimama wima mbele yake kama askari.

"Meneja, maharage yameiva. Naomba usinifukuze kazi, nina watoto."

Meneja huchungulia ndani ya sufuria, huvuta pumzi, huondoka. Hajawahi kumfukuza mtu.

Lakini mwaka jana nusura yeye mwenyewe afukuzwe.

Alikuwa akijing'ata. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimeota ngozi ngumu kama ya kisigino, na bado kila siku kilitoka damu. Akishindwa kujing'ata alirusha sahani, na kama hakuna sahani karibu alivuta nywele za aliyekaa jirani. Kisha siku moja akamng'ata mtoto mwenzake shavuni, alama za meno zikabaki zote.

Wazazi wa yule mtoto walikuja. Hawakuja na matusi, anasema Shangazi, na hilo analikumbuka kwa wema mpaka leo. Baba alisema tu, "Sisi pia mtoto wetu ni mgonjwa. Tunaomba awe salama."

Mwalimu mkuu akamwita mama yake Meneja na kumwambia ukweli. Muhula ulikuwa na wiki kumi na moja. Ukiisha na hali iko vilevile, mtoto atabaki nyumbani.

Kwa mama huyo, kubaki nyumbani si neno dogo. Anaishi na Meneja peke yao.

"Akikaa nyumbani, nakaa naye. Nikikaa naye, tunakula nini?" anasema. "Kabla hajapata nafasi hapa nilimwachia jirani. Jirani akawa anamfungia chumbani, miezi minne. Sikumchukia. Alikuwa ananisaidia, ila hakujua amfanyeje. Nilikuwa nikirudi jioni namkuta mtoto amekaa nyuma ya mlango, uso umeelekea kwenye kitasa."

Hilo ndilo lililokuwa likimsubiri Meneja mwisho wa wiki kumi na moja.

Shangazi alipolisikia, alifanya kile alichokijua. Alizidisha upendo.

Meneja akijing'ata, Shangazi alitupa chochote kilichokuwa mkononi na kukimbia. Ni mtu mzima, ana uzito wake, lakini wenzake wanasema alikuwa akivuka darasa kama mpira uliopigwa na mchezaji mzuri. Alimshika mkono, akampuliza, akamfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamwimbia sikioni na kumsugua ncha ya sikio taratibu mpaka atulie. Mwalimu naye aliacha ubao. Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Watu wazima watatu, wote macho kwa mtoto mmoja, dakika tatu, pengine tano.

Na akishatulia? Hapo Shangazi anacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejisema mwenyewe.

"Akitulia tulikuwa tunasema, 'Ametulia, mwacheni.' Tunanyata. Tunaenda kwa wengine. Ametulia, mwacheni. Ndiyo ilikuwa dua yetu hapa."

Mwalimu wa darasa ni binti mdogo, angeweza kuwa mtoto wake wa mwisho. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya wiki mbili, akarudi na daftari lenye safu tatu za kusimama. Kwenye safu ya kwanza aliandika kilichotokea kabla mtoto hajajing'ata, ya pili mtoto alifanya nini, ya tatu watu wazima walifanya nini baadaye. Aliandika kila siku, kimyakimya, kisha kalamu ikarudi sikioni.

"Mwalimu, barua ya mapenzi hiyo haiishi?" Shangazi alimtania.

"Haijaisha, Shangazi. Ikiisha nitakusomea."

Wiki ya tatu ya muhula Shangazi alimuuguza mdogo wake, akakosa kazi siku nne. Aliporudi, Mwalimu alimwomba asubiri watoto waondoke. Akamtengea chai, akamvutia kiti kizuri, kile kisichoyumba. Shangazi anasema alipoona kile kiti moyo ulimwambia kuna jambo.

"Wiki iliyopita hukuwepo," Mwalimu alianza.

"Sikuwepo, mwanangu. Mlipata tabu?"

"Hapana. Ndilo ninalotaka kukuonyesha."

Shangazi husoma kwa kidole, neno kwa neno, nambari kwa nambari. Kidole kilipita. Siku alizokuwepo, Meneja alijing'ata mara kumi na tisa, mara kumi na saba, mara ishirini na moja. Siku nne ambazo hakuwepo: tisa, sita, tano, nne.

Chai ilipoa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemng'ata," akasema.

"Si hivyo, Shangazi."

"Basi ni vipi? Niambie vizuri, mimi sikusoma sana."

Mwalimu akamsogezea safu ya tatu ya daftari. Ilijaa neno moja kuanzia juu hadi chini. Shangazi alikuja. Shangazi alikuja. Shangazi alikuja.

"Hana neno la kukuita," Mwalimu akamwambia. "Anakuita kwa meno. Na wewe kila mara unaitika."

Jioni hiyo Shangazi aliikunja aproni yake, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kumwambia mumewe kwamba asubuhi atairudisha shuleni. Mumewe ni fundi rangi aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na wakati huo alikuwa akitengeneza miguu ya meza.

"Mtoto anakutaka hadi anajitoa damu," alimjibu bila kuinua kichwa, "na wewe unataka kumkimbia?"

Asubuhi aliivaa.

Walichopanga yeye na Mwalimu kinaelezwa kwa maneno mepesi, ila kukifanya ni kazi. Shangazi alitakiwa aende kwa Meneja kabla hajaitwa, wakati ametulia, wakati anakagua dirisha lake na dunia haina habari naye. Aende, amguse, amwambie jambo zuri, akae kidogo, aondoke.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyetulia hana kelele ya kukukumbusha. Una wengine kumi na watatu, mmoja anataka chooni, mwingine ameweka shanga puani. Ndipo Shangazi akachukua vibanio ishirini kwenye kamba ya nguo na kuvibana upande mmoja wa aproni. Kila akimwendea Meneja aliyetulia, kimoja kinahama. Mpaka watoto wanaondoka, vyote viwe vimevuka.

Siku ya kwanza vilivuka vinne.

"Niliona aibu," anasema, na sauti yake inashuka. "Mtoto ninayejitapa nampenda. Kutwa nzima nimemtazama mara nne akiwa mzuri. Akiwa vibaya ningekuwa nimemtazama mara ishirini, na nyimbo juu."

Pia walimfundisha njia ya kuita. Mwalimu alikaa nyuma ya Meneja, akamshika mkono, akaupeleka mpaka ukagusa kiwiko cha Shangazi. Hapohapo Shangazi aligeuka kama aliyeitwa na rais. "Abee, Meneja! Umeniita!" Walirudia mara kumi kwa siku, wakati mwingine Shangazi akiwa na chakula mdomoni.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyomkondesha. Mtoto akijing'ata, hakuna kukimbia. Shangazi alimshonea kikuku kipana cha kitambaa kizito chenye sponji, ili meno yasifike kwenye ngozi. Damu ikitoka ilifutwa, dawa ikapakwa, lakini bila neno, bila wimbo, na kwa uso wa mtu aliye kwenye foleni ya benki. Hakuna aliyemwacha aumie. Walichomnyima ni ile sherehe tu.

Meneja hakukubali. Wiki ya pili ya mpango huo alijing'ata mara thelathini na moja kwa siku moja, na muhula ulikuwa ukizidi kuyoyoma.

"Alikuwa ananitazama usoni huku anang'ata," anasema Shangazi. "Kama mtu anayepiga simu haipokelewi, anapiga tena, anapiga tena. Anajua nipo."

Mpishi alishindwa kuvumilia. Alitoka na mwiko unaodondosha mchuzi.

"Dada, wewe huna moyo?"

"Ninao," Shangazi akamjibu. "Unafikiri kwa nini nimeshika ukuta?"

Kweli alikuwa ameushika, kwa mikono miwili. Mpishi alisimama, akamtazama, akarudi jikoni. Baada ya muda kidogo alitoka na kigoda, akakiweka pale ukutani, akaenda zake.

Alhamisi moja Shangazi alishindwa. Alikimbia, akamkumbatia, akaimba nyimbo zote. Mwalimu aliandika kwenye daftari bila kumgombeza. Ijumaa mtoto aling'ata kwa nguvu mpya, akisita kidogo kila baada ya kung'ata ili asikilize kama nyayo zinakuja.

"Nilimpa dakika mbili za raha, akazilipa kutwa nzima," anasema. "Sikurudia."

Wiki ya tano ya mpango, Shangazi alikuwa uani akianika bibu, mgongo ameupa darasa. Alihisi kitu kwenye kiwiko. Alidhani ni nguo mbichi imemgusa, akaisukuma. Kikagusa tena.

Aligeuka. Meneja alikuwa amesimama pale, peke yake, hakuna mtu nyuma yake anayemwongoza mkono. Alikuwa akitazama pembeni kabisa, kama mtu aliyegonga mlango wa ofisi na kuogopa kuonekana ana haraka.

"Nilidondosha beseni," anasema Shangazi. "Bibu zote kwenye tope. Nikamwambia, 'Abee, mama! Abee, nimekuja!' Sikujua hata nifanye nini tena. Nikapiga kelele, 'Mwalimu! Ameniita! Njoo uone, ameniita!'"

Mwalimu alikuja mbio na kalamu sikioni. Mpishi akaja, safari hii bila mwiko. Wote watatu walimzunguka mtoto ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Kisha Shangazi na Meneja wakafua bibu upya, mmoja akisugua, mwingine akikagua.

Siku hiyo Meneja aligusa kile kiwiko mara sitini na tatu.

"Nikala nikiitika, nikaenda chooni nikiitika," anasema. "Mume wangu jioni akaniita, nikamwambia wewe subiri, zamu yako kesho."

Baadaye walimfundisha kungoja. Shangazi huinua kidole kimoja, maana yake nimekusikia, nakuja. Mwanzoni Meneja aliweza kungoja mpaka hesabu ya tatu. Sasa hufika thelathini, akitembea mikono nyuma huku na huku mbele ya Shangazi, kama bosi aliyesubirishwa mapokezi.

Siku ya mwisho ya muhula walikutana ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kiwandani na alikuja na unga kwenye nyusi. Mwalimu alifungua daftari. Wiki ile ya mwisho Meneja alijing'ata mara nne kwa siku tano. Zilikuwa zimepita siku ishirini na mbili bila mtoto yeyote kung'atwa wala kuvutwa nywele.

Mwalimu mkuu alipitia kurasa moja moja. Aliuliza maswali mawili. Baba wa yule mtoto wa shavu, ambaye aliombwa aje, aliulizwa maoni yake. Alisema, "Wangu anamtafuta akikosa kuja. Mwacheni abaki."

Akabaki.

Mama alivua kitambaa chake cha kichwani, akakitazama kama hakijui, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mahali pa kukaa. Shangazi akampisha kiti chake.

Hawadai kwamba mambo yameisha. Maji yakikatika, kengele ikilia kwa ghafla, mtoto akiwa na homa, meno hurudi. Mwezi uliopita yalirudi mara mbili. Na nyumbani nako palikuwa na kazi yake.

"Mimi nilikuwa nikirudi nimechoka, nikiona ametulia nasema afadhali, nifue," anasema mama yake. "Nilikuwa nageuka akivunja kitu. Sasa nikiona ametulia, ndipo ninapoacha nguo na kwenda. Dakika moja tu. Nguo hazijawahi kulalamika."

Miezi sita ijayo Shangazi anastaafu. Nafasi yake imepata msichana mwembamba mwenye wasiwasi, ambaye watoto wanamwita Dada Mgeni na ambaye wiki ya kwanza alilia mara mbili stoo. Mara zote mbili Shangazi alimfuata, akajifanya anatafuta sabuni mpaka mwenzake alipomaliza.

Anamfundisha kila kitu: nani hali karoti, nani akicheka sana anataka kukojoa. Zaidi ya yote anamfundisha kuwatazama watoto wakati hakuna kilichoharibika. "Wewe una macho mazuri," humwambia. "Usiyatunzie ajali."

Juzi, Shangazi akiwa amekaa na mtoto mwingine mezani, alimwona Meneja anakuja. Akaandaa kiwiko. Meneja akampita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Dada Mgeni, akamgusa, akatazama pembeni, akangoja.

"Nilifurahi sana," anasema Shangazi. "Kisha nikatoka nje, nikaona wivu kama dakika mbili, nikarudi kazini."

Analotaka sasa ni kwamba kabla ya siku yake ya mwisho, Meneja awe amemwita kila mtu mzima katika shule hii: mpishi, mlinzi wa getini, mwalimu mkuu huko ofisini kwake. Ameshazungumza nao wote mmoja mmoja. Amewaambia wasimpe zawadi ya kuagwa, wampe hiyo. Wakiguswa kiwiko, hata kama wako kwenye simu, wageuke.

Na siku yenyewe ya kuondoka, je, atamuaga vipi?

"Sijui," anasema, akipangusa mikono yake kwenye aproni. "Napenda alie, lakini alie kidogo tu, kwa adabu. Asipolia kabisa ataniaibisha. Kisha afute machozi, atazame nani yuko karibu, amwite mwingine."